Vidonge vitatu kwa kila kikohozi: twaichezea dawa ya akiba

Kipupwe kikiingia Mombasa, mji mzima hukohoa. Alfajiri msikitini safu ya mbele yakohoa na ya nyuma yaitikia. Jioni barazani kahawa tungu yanywewa baina ya kikohozi na kikohozi. Na hapo hapo hakosi mtu wa kumwambia mwenziwe: "Wajitesa bure. Pita dukani uchukue zile tatu."

"Zile tatu" hazihitaji jina. Kuanzia Kuze hadi Bondeni, Majengo hadi Ganjoni, ukisema hivyo muuza dawa atanyoosha mkono kwenye rafu pasi na kuuliza swali. Ni azithromaisini, vidonge vitatu vya miligramu 500, kimoja kila siku kwa siku tatu.

Juzi nilisimama katika duka moja la dawa la mitaa yetu kununua plasta. Walinitangulia watu watatu. Kijana wa tuktuk alitaka zile tatu kwa mafua yaliyomwanza jana yake. Mama mmoja alitaka ya maji kwa mtoto wa miaka minne, kwa sababu "ile ya mwezi uliopita ilimfaa". Mzee mmoja aliuliza kama aweza kuuziwa viwili, cha tatu atakuja kukichukua akipata pesa. Wote watatu walihudumiwa. Hakuna aliyeulizwa cheti cha daktari, wala mgonjwa ana siku ngapi, wala anatumia dawa gani nyingine. Shughuli yote haikupita dakika tano.

Sina uso wa kuwacheka. Tarehe 6 Mei 2020, Mutahi Kagwe, aliyekuwa Waziri wa Afya, alipotangaza kwamba Mji wa Kale wafungwa, hakuna kutoka wala kuingia, tulikuwa ndani ya Ramadhani. Tulifunga tukiwa tumefungiwa, na Idi ikatukuta humo humo. Amri haikuondolewa mpaka mwanzo wa Juni. Siku zile kabatini kwangu mlikuwa na paketi sita za azithromaisini. Nilizinunua mapema, baada ya kusikia kwa watu waliosikia kwa watu kwamba ndiyo dawa ya korona. Mama aliposhikwa na homa na kikohozi, nilimpa. Akapona, alhamdulillahi, nami nikawa mhubiri wa zile tatu katika kila baraza. Haikunijia hata siku moja kujiuliza: je, asingepona bila ya hivyo vidonge?

Swali hilo lilikuja kujibiwa, lakini mbali na hapa. Uvumi wenyewe ulianzia Marseille, Ufaransa, kwa Profesa Didier Raoult, aliyewapa wagonjwa wachache azithromaisini pamoja na dawa ya hydroxychloroquine. Tarehe 21 Machi 2020 Rais Donald Trump wa Marekani akaupigia debe mchanganyiko huo mtandaoni, na dunia nzima ikakimbilia maduka ya dawa. Kisha Waingereza wakafanya jambo la busara. Katika utafiti mkubwa ulioitwa RECOVERY, walichukua wagonjwa wa korona waliolazwa hospitalini, 2,582 wakapewa azithromaisini juu ya matibabu ya kawaida, na 5,181 wakaachiwa matibabu ya kawaida peke yake. Ndani ya siku 28 waliofariki walikuwa asilimia 22 upande huu na asilimia 22 upande ule. Utafiti mwingine, PRINCIPLE, uliowaangalia wagonjwa waliokuwa nyumbani, ulisimamisha dawa hiyo Januari 2021 kwa sababu haikuwaponesha watu mapema zaidi.

Habari ya Marseille ilifika Kibokoni kwa siku moja. Hii ya pili sidhani kama imefika hata leo. Korona imepita, lakini mazoea yamebaki: homa ni zile tatu, mafua ni zile tatu, koo likiwasha ni zile tatu.

Basi tuijue dawa yenyewe. Azithromaisini ni mmoja katika ukoo wa antibayotiki uitwao makrolaidi. Mkubwa wa ukoo ni erithromaisini, iliyotolewa katika viumbe vidogo vya udongo uliochotwa Iloilo, Ufilipino, mwaka 1949, ikaanza kuuzwa 1952. Kwa miaka mingi ilikuwa tegemeo la watu wasiopatana na penisilini, ingawa iliwavuruga tumbo na ilibidi kumezwa mara nne kwa siku. Mwaka 1980 wataalamu wa kampuni ya Pliva, mjini Zagreb, wakaibadilisha kidogo na kupata azithromaisini. Kampuni ya Pfizer ikanunua haki, ikaiuza duniani kwa jina la Zithromax. Ndugu yao wa tatu, klarithromaisini, alitoka Japani. Huyo twamjua zaidi kwa dawa za vidonda vya tumbo.

Kazi ya makrolaidi ni moja. Kila bakteria ana kiwanda chake cha kutengeneza protini, na dawa hizi huingia ndani ya kiwanda zikakiziba. Bakteria hawezi kukua wala kuzaana, na kinga ya mwili hummaliza. Azithromaisini ina sifa ya ziada: haiondoki haraka. Baada ya siku tatu hivi nusu yake ingali mwilini, na ndani ya mapafu na koo hukaa zaidi. Ndiyo maana vidonge vitatu vyatosha mahali ambapo dawa nyingine huhitaji wiki nzima.

Ila virusi havina kiwanda hicho. Virusi hutumia viwanda vya mwili wako mwenyewe. Na mafua, homa ya baridi, korona na vikohozi vingi vya kipupwe vyaletwa na virusi. Kuvimezea azithromaisini ni sawa na kumpelekea fundi wa mashua gari lililoharibika. Fundi ni hodari, lakini kazi si yake.

Mbona basi watu huona imewafaa? Hapa ndipo tunapodanganyika, nami nilidanganyika hapa. Wataalamu waliokusanya tafiti za kikohozi cha kawaida walikuta kwamba huchukua kiasi cha siku 18 kwisha. Watu walipoulizwa wao wadhani huchukua muda gani, wengi walitaja wiki moja hivi. Mtu huvumilia siku nne, tano. Akiona kimezidi, ndipo aendapo dukani. Lakini siku ugonjwa unapozidi ndiyo siku uliyofika kilele, na ukishafika kilele hauna njia ila kushuka. Kidonge chamezwa leo, kesho nafuu yaingia, na sifa zote zaenda kwa kidonge. Angelikunywa tangawizi na asali, sifa zingelikwenda kwa tangawizi.

Sisemi dawa hii ni bure. Ni dawa tukufu, na hiyo ndiyo hoja yangu. Yatibu kifaduro, kikohozi kile cha kumkaba mtoto pumzi. Yasaidia katika dondakoo, klamidia, na baadhi ya aina za nimonia ambazo penisilini haziwezi. Kwa trakoma, ugonjwa wa macho unaopofusha, Pfizer imekuwa ikiitoa bure kwa mataifa maskini tangu miaka ya mwisho ya 1990. Katika kipindupindu, ambacho Pwani twakijua vizuri, maji ya chumvi na sukari ndiyo matibabu ya kwanza, lakini kwa mgonjwa mahututi ambaye ni mtoto au mama mjamzito, azithromaisini ni katika dawa za kutegemewa.

Na kuna habari kubwa zaidi. Mwaka 2023 ulitangazwa utafiti uliofanywa katika nchi saba, Kenya na Kongo zikiwemo. Wanawake kiasi cha 29,000 waliokuwa katika uchungu wa kuzaa walipewa dozi moja ya azithromaisini au vidonge visivyo na dawa. Kwa waliopewa vidonge vitupu, mama 24 katika kila 1,000 walipata sumu ya damu au walifariki. Kwa waliopewa dawa, walikuwa 16. Yaani thuluthi moja ya balaa hilo iliepukwa kwa dozi moja. Ukifikiria ni akina mama wangapi wa mitaa yetu hii wamezikwa kwa homa ya uzazi tangu enzi za mabibi zetu, utaelewa kwa nini naiita dawa ya akiba.

Shirika la Afya Duniani nalo laiona hivyo. Tangu 2017 limezigawa antibayotiki katika mafungu matatu. La kwanza ni za kutumiwa mbele, kama amoksilini. La pili ni za kuangaliwa kwa jicho kali, kwa sababu bakteria wazizoea upesi. La tatu ni za kufichwa mpaka pasiwe na njia nyingine. Makrolaidi zote tatu nilizozitaja zimo katika fungu la pili. Sisi tumeipindua ngazi: iliyopasa kuangaliwa ndiyo twaanza nayo. Hata mtoto mwenye nimonia inayotibiwa nyumbani, dawa ya kwanza katika mwongozo wa Kenya ni amoksilini, si zile tatu.

Madhara ya kuipindua ngazi ni yapi? Pale Ubelgiji watafiti waliwapa watu wazima wasio na ugonjwa wowote azithromaisini au klarithromaisini, kisha wakapima bakteria wa vinywani mwao. Sugu waliongezeka mara moja, na zaidi ya siku 180 baadaye walikuwa hawajarudi kiasi cha mwanzo. Vidonge vya siku chache, athari ya nusu mwaka. Ile sifa ya dawa kukaa sana mwilini ina gharama yake: wiki za mwisho hubaki kidogo tu, haitoshi kuua, yatosha kufundisha. Na yule mzee wa vidonge viwili hajaokoa pesa. Kama ugonjwa wake ni wa virusi, amezitupa. Kama ni wa bakteria, huenda hakupata dozi ya kumponya.

Wazee wetu waliishi kwa visima. Kila mtu alijua kwamba kisima cha mtaa si cha nyumba moja. Ukitupa uchafu usiku, asubuhi watakunywa watoto wako na wa jirani. Bakteria wa koo na tumbo ni kisima chetu. Nyumba za Mji wa Kale zashikana kuta, vijia vyake watu wawili hupishana kwa kujipinda, na safu za msikiti ni bega kwa bega. Sugu aliyezaliwa kooni mwangu kwa sababu ya mafua hatangoja ruhusa kwenda kwa mtoto wa chumba cha pili.

Mfano wa kutisha hauko mbali. Mwaka 2016 katika mkoa wa Sindh, Pakistani, kulizuka taifodi isiyosikia karibu dawa zote. Katika vidonge vya kumeza, azithromaisini ndiyo pekee iliyobaki ikifanya kazi. Mji mkuu wa Sindh ni Karachi, na Karachi na Mombasa ni majirani tangu zama za majahazi: biashara, ndoa, masomo, matibabu. Vijidudu navyo husafiri njia hizo hizo. Wanasayansi waliochunguza nasaba ya taifodi sugu waliona kwamba ukoo mkubwa ulioenea Kenya na Afrika Mashariki ulitokea Asia Kusini. Taifodi ya Sindh ikibisha hodi hapa, itatukuta twatumia dawa yake ya mwisho kutibu makamasi.

Na kwa taifodi tuna tatizo jingine. Mtu ana homa, apimwa kwa kipimo cha haraka cha damu, aambiwa "una taifodi", apewa dawa. Kipimo cha Widal, kilichozoeleka sana, hukosea mara nyingi. Kipimo cha kutegemewa ni kuotesha damu maabara na kuona bakteria gani ameota na dawa gani yamuua. Chahitaji siku kadhaa, vifaa na wataalamu, na wengi wetu hatujawahi kufanyiwa. Habari njema ni kwamba Julai 2025 Kenya ilianza kutoa chanjo mpya ya taifodi kwa watoto. Chanjo ndiyo antibayotiki ambayo hukuhitaji kuimeza. Jirani zetu wa Kilifi wana ushahidi: baada ya chanjo ya nimokoka kuanza 2011, magonjwa makali ya aina zilizomo katika chanjo yalipungua kwa asilimia 92 kwa watoto wa chini ya miaka mitano.

Kuna la wazee pia, na hili halisemwi dukani. Makrolaidi huweza kuvuruga mapigo ya moyo kwa wenye maradhi ya moyo. Mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa onyo juu ya azithromaisini Machi 2013. Erithromaisini na klarithromaisini zagongana vibaya na baadhi ya dawa za mafuta ya damu, kama simvastatini, na zaweza kuharibu misuli. Warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, yaweza kuzidi nguvu mtu akavuja damu. Ni nyumba gani Mji wa Kale isiyo na mzee wa presha, sukari au moyo, na mfuko wa dawa chini ya mto? Nilipompa mama zile tatu mwaka 2020 sikuuangalia mfuko wake. Mungu alinisitiri.

Sasa ni rahisi kumaliza kwa kusema watu wa Mombasa ni wajinga na wauza dawa ni walafi. Si kweli. Duka la dawa limekuwa hospitali yetu kwa sababu hospitali zilitufungia mlango. Mgomo wa madaktari ulioanza Desemba 2016 ulichukua siku 100. Ule wa 2024 ulichukua siku 56. Siku zile nani alibaki wazi mpaka saa nne za usiku? Nani akujua jina, akukopesha mpaka mwisho wa mwezi, akuambia "pole mama" kabla ya kutaja bei? Kibarua akipanga foleni asubuhi nzima Makadara, ile hospitali kuu ya Pwani, amepoteza ujira wa siku, na huenda jioni akaandikiwa dawa ile ile. Hesabu yake ni sahihi kwa nyumba yake. Kwa mtaa mzima ndipo haitoki.

Kwa hiyo sioni kwamba msako peke yake utatuokoa. Sheria ipo: dawa hizi ni za cheti, na Bodi ya Famasia na Sumu ina mamlaka ya kufunga duka. Mpango wa taifa wa kupambana na usugu upo tangu 2017, na wa pili ni wa 2023 hadi 2027. Lakini ukimfunga muuza dawa wa Kuze bila kumpa yule mama pa kwenda, umemsukuma kwa mchuuzi wa chini zaidi. Naona mambo matatu yaweza kufanyika hapa kisiwani.

La kwanza ni la muuza dawa. Kabla mkono haujafika rafuni, aulize: Una siku ngapi? Wapumua kwa shida? Kuna damu katika makohozi? Watumia dawa gani nyingine? Una mimba? Maswali hayo hayazidi dakika mbili. Na sisi wateja tusimkasirikie akitwambia "hii haihitaji antibayotiki". Siku tutakapomheshimu kwa kutouza, ataacha kuuza.

La pili ni la serikali ya kaunti. Maabara za kuotesha damu na mkojo ziwe kitu cha kawaida katika hospitali za umma, na kila mwaka tuambiwe waziwazi ni dawa zipi zingali zafanya kazi Mombasa na zipi zimechoka. Twatangaziwa idadi ya mapipa ya taka. Hili la dawa ni kubwa zaidi.

La tatu ni letu. Kikohozi cha mafua kipeni wiki mbili, pumziko, maji, asali na ndimu, ila asali asipewe mtoto wa chini ya mwaka. Msingoje hata siku moja mtoto akipumua mbio, mbavu zikiingia ndani, akikataa kunyonya au kunywa, au mtu mzima akikohoa damu, akishindwa kupumua au akichanganyikiwa. Huyo ni wa hospitali, si wa duka. Na kikohozi kikipita wiki mbili, kapimeni kifua kikuu. Vituo vya umma vyapima na kutibu bure. Azithromaisini haiponyi kifua kikuu. Yakupotezea siku tu, na siku hizo waambukiza watoto wa nyumbani.

Mwaka huu kipupwe kilipoingia mama alikohoa tena. Siku ya sita akaniuliza: "Leo huniletei zile dawa zako?" Nikamwambia hapana mama, tungoje, na kila usiku nikakaa naye nikisikiliza pumzi yake. Siku ya kumi nilitaka kukata tamaa, nikavaa viatu kwenda dukani, nikavivua. Siku ya kumi na tano kikohozi kilikwisha. Zile paketi zilizobaki tangu 2020 zimeshapitwa na tarehe, na nilipozitazama kabatini sikufikiria pesa nilizotupa. Nilifikiria mgonjwa wa kweli wa siku zile, mtaa wa pili, ambaye huenda alikwenda dukani akaambiwa zimekwisha.